Hamburger ya kartie yetu: tusiiache ife kimya kimya

Wiki iliyopita, kisha kutoka kazini, nilipita mahali nilizoea kula hamburger tangu nilipokuwa mwanafunzi hapa Goma. Ni chumba kidogo cha mbao, meza ine, viti vya plastiki, na bango ambalo kijana mumoja wa kartie aliandika kwa rangi nyekundu. Nilikuta kufuli mulangoni. Mama anayeuza unite za simu pembeni aliniambia kwamba mwenye mahali aliuza kwanza friji, kisha akauza bamba la kuchomea nyama, na sasa anatafuta kazi ingine. Hakuna redio iliyotangaza. Hakuna mukubwa aliyeuliza. Lakini pale palikuwa pakilisha wapishi watatu, kijana wa kuosha sahani, na familia zao zote.

Najua namna wengine watasema: inchi iko katika vita, watu wanalala katika kambi na makanisani, na wewe unatuletea hadisi ya hamburger? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni hili: muji haufe siku moja tu, siku bunduki zinapolia. Muji unakufa pia polepole, kila mara mutu mwenye kazi ya mikono yake anapofunga mulango na hakuna anayemuuliza kwa nini. Na migahawa hii midogo ya hamburger, ambayo vijana wetu wameanzisha Goma, Bukavu, Butembo na Bunia bila musaada wa mutu, ni kati ya kazi chache ambazo tulijitengenezea sisi wenyewe.

Kitu cha wageni?

Tuanze na lawama inayosikika mara nyingi: hamburger si chakula chetu. Ni kweli, jina lenyewe linatoka Hamburg, muji wa bandari kule Ujerumani, na Wamarekani ndio waliolipeleka duniani kote. Kampuni ya White Castle ilianza kuuza hamburger katika muji wa Wichita mwaka 1921. Ndugu wawili wa jamaa ya McDonald walifungua mugahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940, na mwaka 1948 wakaupanga kama kiwanda: vyakula vichache, mikono myepesi, bei ndogo. Kutoka pale ndipo zilizaliwa kampuni kubwa ambazo leo zinauza mukate mumoja, wenye ladha moja, kutoka Chicago mpaka Tokyo.

Lakini tuangalie sahani zetu wenyewe. Sambaza, ambayo kila mutu wa Kivu anaiita samaki yetu, haikuzaliwa katika ziwa Kivu. Ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikazaa, na leo hakuna sherehe ya Bukavu bila sambaza. Viazi vya Masisi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mihogo tunayokula na sombe yake ilivuka bahari pia. Fromaje ya Masisi, ile ya mviringo ambayo Kinshasa wanaiita fromaje ya Goma, ilianza na wamisionari waliotoka Ulaya. Kitu hakiwe chetu kwa sababu ya pahali kilizaliwa. Kinakuwa chetu siku tunapokitengeneza kwa mikono yetu, kwa vitu vya mashamba yetu, kwa namna inayotupendeza.

Kwa hesabu hiyo, hamburger ya kartie ni yetu. McDonald's haijafungua mulango hata mumoja katika inchi hii, na sioni ni hasara gani. Pale ambapo kampuni kubwa hazikufika, vijana wamejifunza wenyewe, wakakosea, wakarudilia, mpaka wakapata ladha ambayo huwezi kuipata New York.

Kinachofanya hamburger nzuri

Sitataja majina ya migahawa hapa. Kila musomaji ana yake, na gazeti si tangazo la biashara. Lakini kwa miaka kumi na zaidi ya kula katika miji hii, nimejifunza kutambua ile nzuri kabla hata sijakaa.

Alama ya kwanza ni nyama. Mupishi mwema anajua muchinjaji wake kwa jina. Anaenda asubuhi mapema, anachagua kipande chenye mafuta kidogo, anakisaga siku ile ile. Nyama isiyo na mafuta kabisa inakauka na kuwa ngumu sawa vile kandambili. Iliyosagwa tangu jana inabadilika rangi na harufu. Pale nilipozoea, nyama ikiisha saa mbili ya usiku, basi imeisha: ulikuwa unaambiwa urudi kesho. Wageni walikasirika. Sisi wa zamani tulijua kwamba ile ndiyo heshima yenyewe.

Alama ya pili ni fromaje. Hapa ndipo Kivu inapita dunia nzima. Kule ngambo migahawa mingi inaweka kipande chembamba cha rangi ya machungwa, kilichofungwa katika plastiki. Hapa kwetu mupishi anakata fromaje ya maziwa ya ngombe waliokula majani ya vilima vya Masisi. Inayeyuka polepole, inanusa maziwa, na inaacha chumvi kidogo kwenye ulimi. Mukulima aliyekamua maziwa yale pengine hajaona hamburger hata siku moja, lakini kazi yake iko ndani.

Alama ya tatu ni friti. Katika mugahawa wa kweli utaona mutu amekaa nyuma na beseni, anamenya viazi kwa kisu. Viazi vile vilishuka kutoka Masisi ao Rutshuru, vikasukumwa kwa chukudu mpaka sokoni. Si friti za barafu zilizotoka Ulaya ndani ya mufuko. Friti ya kukata kwa mukono haifanani na ingine: ingine ndefu, ingine fupi, ingine imeungua kidogo kwenye pembe. Na ile ya kuungua ndiyo watoto wanagombania.

Ya ine ni pilipili. Sina haja ya kueleza. Mugahawa usio na pilipili yake, iliyosagwa na mutu wa pale pale, haukamiliki.

Na ya mwisho, ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote: mupishi anakujua. Katika kibanda kimoja cha Bukavu, upande wa Nyawera, nilirudi kisha miezi saba ya safari. Dada wa pale hakuniuliza ninataka nini. Aliniuliza tu: “Bila mayoneze, sivyo?” Kampuni kubwa zinatumia mashine na feza nyingi ili kukumbuka mambo hayo. Yeye alikumbuka kwa kichwa chake.

Njia ya franka moja

Sasa tufuate feza. Unapolipa hamburger katika kartie, franka zako hazilali. Sehemu inaenda kwa muchinjaji, na kwake yeye inaenda kwa mufugaji. Ingine inaenda kwa mama wa fromaje, ingine kwa muoka mikate, ingine kwa wamama wa tomate na vitunguu, ingine kwa kijana wa chukudu, ingine kwa muuza makala ao kwa kampuni ya umeme. Kinachobaki kinalipa nyumba, masomo ya watoto na mushahara wa wasaidizi. Karibu kila kituo cha njia hiyo kiko hapa kwetu. Isipokuwa unga wa ngano, mafuta ya kukaangia na gazi, ambavyo vingi tunanunua inje, ingawa milima ya Lubero imewahi kulima ngano na ingeweza kulima zaidi.

Kwa hiyo mulango mumoja ukifungwa, si mwenye mugahawa peke yake anayeumia. Muchinjaji anapunguza ngombe, mama wa fromaje anarudi nyumbani na mviringo muzima, kijana wa chukudu anafanya safari moja badala ya mbili.

Kwa nini wanafunga

Wapishi niliozungumza nao wanataja mambo yale yale. La kwanza ni feza yenyewe. Tangu muji wa Goma ulipochukuliwa na AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango na noti zikawa haba. Zinazobaki zimechakaa; mutu analeta noti ya franka iliyopasuka, muuzaji anaikataa, na wote wawili wanapoteza: mumoja njaa, mwingine mauzo. Malipo kwa simu yamesaidia, lakini kila kutoa feza kuna makato yake, na katika biashara ya faida ndogo makato hayo ni mukate.

La pili ni njia. Fromaje na viazi vya Masisi vinapita mahali penye vizuizi vingi, na kila kizuizi kina mukono unaonyooshwa. Mukulima analipa, dereva analipa, mwishoni mukula hamburger ndiye anayelipa yote bila kujua.

La tatu ni makaratasi ya kodi. Mwenye meza ine analipa patenti, kisha usafi, kisha bango, kisha mazingira, kisha mutu mwingine anakuja na kitabu cha risiti ambacho hajawahi kuona. Hakuna anayekataa kulipa kodi. Watu wanakataa kulipa kitu kimoja mara tano, tena bila kuona taka ikitolewa.

La ine ni moto wa kupikia. Umeme wa maji umefika katika kartie kadhaa za Goma, hasa tangu kituo cha Matebe kule Rutshuru kilipoanza kazi mwaka 2015. Lakini wengi bado wanapika kwa makala, na makala mengi ya muji huu yanatoka katika miti ya mbuga ya Virunga, mbuga ambayo ilianzishwa mwaka 1925. Bukavu wana mitambo ya Ruzizi karibu na mulango wao, na bado umeme unakatika nyama ikiwa juu ya bamba. Friji ikizimika usiku, asubuhi mupishi ana uchaguzi mubaya: kutupa nyama na kupata hasara, ao kuiuza na kuhatarisha watu.

Kila mumoja na sehemu yake

Kwa wale wanaoongoza miji yetu leo, ye yote aliye na muhuri mukononi, ombi ni fupi. Wekeni kodi moja kwa migahawa midogo, risiti moja, ofisi moja, mara moja kwa mwaka ao kwa sehemu. Tangazeni bei yake ukutani ili kila mutu aisome. Ondoeni vizuizi vya kuombea feza kwenye njia za chakula. Hamutapoteza: mugahawa uliofungwa haulipi kodi yo yote.

Kwa wenye migahawa, nasema kwa upendo lakini bila kuficha. Usafi si jambo la wazungu. Kolera si mugeni kwetu. Wekeni ndoo ya maji yenye robine na sabuni mahali mukula anaiona. Badilisheni mafuta ya friti kabla hayajawa meusi. Tena mukumbuke kwamba nyama ya kusaga si sawa na kipande kizima: uchafu uliokuwa juu ya nyama, mashine inauchanganya mpaka ndani. Kwa hiyo lazima iive mpaka katikati, hata kama mukula ana haraka. Mutu mumoja akiugua, kartie nzima inasikia kabla ya jua kuzama, na kazi ya miaka inaanguka. Na vijana wenu wa kuosha sahani, walipeni kwa wakati. Hatuwezi kulalamika juu ya wakubwa wanaotunyonya, halafu tumunyonye mutoto wa jirani.

Kwa sisi wakula, jambo ni rahisi zaidi. Kama unaweza kununua hamburger mara moja kwa mwezi, inunue kwa mutu wa kartie yako. Usichukue deni la chakula na kupotea. Ukiona kitu kibaya, mwambie mwenyewe kwanza kabla ya kumutupa kwenye WhatsApp. Na ukiona kizuri, hapo ndipo uitumie hiyo WhatsApp.

Muji huu wa Goma uliona lava ya Nyiragongo ikipita katikati yake mwaka 2002, ukaiona tena ikishuka mpaka ukingoni mwaka 2021. Mara zote mbili, watu waliporudi, hawakungoja mukutano wa kwanza wa wakubwa ili waanze kuishi. Walitafuta mahali panapotoka moshi wa chakula. Pale ndipo walipoulizana nani amepona, nyumba ya nani imebaki, mutoto wa nani bado anatafutwa.

Jana nilipita tena mbele ya kile chumba cha mbao. Kufuli bado iko. Mama wa unite aliniambia kwamba mwenye mahali bado anakuja kila jumapili kufagia mbele ya mulango. Mutu anayefagia mulango uliofungwa hajakata tamaa. Tusimuache afagie peke yake.