Kupika Kwanza, Moshi Baadaye?

Nyumba ina Tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, ukutani, taa zinawaka, televisheni inaongea. Nje, kwenye mafiga matatu, mama anapuliza kuni za mikoko mpaka macho yamemwiva. Tumekuwa tukiliona hili miaka nenda rudi na kulipita.

Moshi huo hubeba hewa ukaa, na hewa hiyo inaweza kugeuzwa kitu cha maana kwa umeme. Mwaka 1985 Yoshio Hori na wenzake huko Japani walionyesha kuwa shaba ikipitishiwa umeme majini huigeuza hewa hiyo kuwa methani. Siku hizi hutumika metali yenye vitundu kama dodoki, kwa kuwa hewa ukaa huyeyuka kidogo mno majini. Ikipita vitunduni hukutana na maji na metali kwa wakati mmoja. Ni kazi nzuri, na iendelee.

Lakini tupige hesabu. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa. Kuzigeuza hizo kuwa kaboni monoksaidi tu, hatujafika kwenye mafuta, mtambo utakula yuniti 10 hivi, mbali na gharama ya kuikamata hewa yenyewe. Sufuria ya umeme ya presha hupika maharage bila kumaliza yuniti moja. Basi umeme wa kuzoa moshi wa kilo moja ya mkaa ungepika sufuria kumi, na moshi wenyewe usingekuwepo!

Umeme tunao. Kebo kutoka Tanga ilifika hapa Pemba mwaka 2010 ikipita chini ya bahari. Eti chakula cha umeme hakina ladha. Anayesema hivyo hajakila. Eti umeme unakatika. Basi jiko la mkaa libaki uvunguni kwa siku hiyo.

Kikwazo cha kweli ni bei ya sufuria, maana mkaa hununuliwa kwa kopo na sufuria hailipwi kwa kopo. Watu wakopeshwe, na kila wanaponunua yuniti wakatwe kidogo mpaka deni liishe. Mita ya kukatia tayari iko ukutani. Serikali ya Muungano inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mikoko inayozuia bahari inazidi kukatwa: hapa Pemba, Kisiwa Panza, maji ya chumvi yameshaingia mashambani. Shirika la umeme lianze mikopo hiyo na shehia moja, mwaka huu, kabla mikoko ya ufukweni haijageuka majivu.