Mandhari Si Anwani

Katika miaka yangu ya kufundisha fasihi nimesahihisha insha nyingi mno zenye sentensi hii: "Mandhari ya riwaya ni kijijini na mjini." Mwanafunzi huiandika, hupewa alama yake, na mjadala hufungwa. Ndugu washairi na wapenzi wa lugha, hiyo ni anwani ya barua; uhakiki bado haujaanza.

Tuitazame Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Husemwa mara kwa mara kwamba kijiji kilimlea Rosa, mji ukamharibu. Hukumu hiyo ni nyepesi, na riwaya yenyewe inaikanusha. Namagondo, kijiji cha kisiwani Ukerewe alikozaliwa mwandishi, ni mahali ambapo nyumba moja haifichi jambo mbele ya nyumba ya pili, na heshima ya baba hupimwa kwa mwenendo wa binti. Ndiyo maana barua moja ya Charles inatosha kumfanya Zakaria, mlevi aliyekwisha kuipoteza heshima yake kilabuni, ampige Rosa bila huruma.

Matokeo yake ni nini? Rosa anavuka ziwa kwenda shuleni Mwanza akiwa amefunzwa kuwaogopa wanaume, hajafunzwa kuwajua. Mji unampokea msichana aliyekwisha kunyimwa maarifa. Na mwishoni, anapotumaini ndoa, kipimo kinachomwangamiza ni kilekile cha nyumbani: ubikira. Charles anamwacha, Rosa anajiua.

Wapo watakaosema kosa ni la Zakaria, kijiji kisisingiziwe. Nakubali kwamba fimbo ilikuwa mkononi mwake. Lakini nani aliyemfundisha kwamba binti hulindwa kwa fimbo? Na mbona mtu huyo huyo anampiga Regina, mkewe, na maisha ya kijiji yanaendelea kama kawaida? Samaki mmoja akioza, huoza wote. Hapa tuyachunguze na maji ya tenga.

Sisemi haya kwa chuki ya shamba. Nayasema kwa sababu tukiwafundisha vijana kwamba kijiji ni usafi mtupu, tunawafundisha pia kuufumbia macho ukatili unaotendwa humo kwa jina la maadili. Baadhi yao wanaisoma riwaya hiyo wakiwa na alama za fimbo mgongoni.

Basi walimu wenzangu, swali la "wapi" likishajibiwa, lifuatwe na la pili: mahali hapo pamemtenda nini mhusika? Asiyeweza kulijibu hajaisoma riwaya.