Blenda Kwanza, Miksa Baadaye

Kuuliza si ujinga. Katika nyumba nyingi zenye stima, kila pesa kidogo zinapopatikana, swali hili huzuka: jikoni tuanze kununua blenda au miksa? Wengi hulijibu dukani haraka haraka kwa kutazama rangi na bei. Kisha mashine huletwa nyumbani, ikapandishwa juu ya kabati pamoja na vikombe vya wageni, na huko ikakaa ikila vumbi. Kwa maoni yangu, huo ni ubadhirifu mtupu. Mimi nasema nyumba ya kawaida ianze na blenda, miksa ije baadaye, na anayechagua awe ni yule anayepika.

Kwanza tuelewe kazi ya kila mashine, maana wengi huzichanganya. Blenda ina visu vidogo chini ya jagi. Visu hivyo huzunguka kwa kasi, vikakata na kusaga, na mzunguko wenyewe huvuta vilivyo juu vishuke chini. Ndiyo sababu blenda hutaka majimaji. Ukitia vitu vikavu vitaganda pembeni na visu vitazunguka bure. Miksa nayo haina visu. Ina vipigio vya chuma vinavyokoroga, na kazi yake kubwa ni kutia hewa. Hewa hiyo ndiyo inayofanya ute mweupe wa yai ufure kama povu la sabuni, na ndiyo inayolainisha siagi na sukari kabla ya kutia unga wa keki. Kwa ufupi, blenda husaga, miksa huumua.

Hata asili zao ni mbalimbali. Huko Marekani, miksa ya nyumbani ya KitchenAid ilitokea mwaka wa 1919, nayo ilitokana na mashine kubwa za kukandia unga. Blenda ilianza kwa Stephen Poplawski, aliyebuni chombo chenye visu chini, na nia yake ilikuwa vinywaji. Basi tangu mwanzo hizi hazikuwa pacha.

Sasa tufunue sufuria zetu wenyewe. Tunapika nini kutoka Jumatatu hadi Jumapili? Ugali na sukuma wiki, githeri, maharagwe, wali, na mara moja moja chapati. Katika vyakula hivi, blenda ina kazi tele. Itasaga nyanya za mchuzi, kitunguu saumu, tangawizi na dania. Itatoa sharubati ya maembe na kulainisha matunda ya mtoto anayeanza kula. Kwa wenzetu wa pwani ndiyo usiseme! Nyama ya nazi iliyokatwa vipande na maji vuguvugu huwa tui kwa dakika chache, kilichobaki ni kuchuja tu. Mchele ulioroweshwa husagika ukawa tayari kwa vibibi au mkate wa sinia. Miksa je? Itangoja keki, na nyumba nyingi hupika keki siku ya kuzaliwa au Krismasi.

Wapinzani wangu watasema, "Lakini miksa hukanda unga wa chapati!" Ni kweli, ile kubwa yenye ndoano hukanda, lakini bei yake si mchezo. Ile ndogo ya kushika mkononi huchoka upesi ikipewa unga mzito. Mikono yetu haijashindwa na unga wa chapati kumi. Hata hivyo nakubali jambo moja: mama anayepika keki za kuuza na anunue miksa kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo jembe lake.

Wengine huogopa bili ya stima. Hebu tupige hesabu. Blenda ya wati 400 ikizunguka dakika 3 hutumia yuniti 0.02 tu. Utaitumia mara 50 ndipo yuniti moja iishe!

Hata hivyo, msilazimishe blenda kufanya yote. Viazi vya mukimo vikisagwa humo hunata kama gundi, kwa sababu wanga hutoka kwa wingi, mwiko unatosha. Unga wa keki ukizungushwa sana hutoa keki ngumu. Supu inayochemka ni hatari, kwani mvuke waweza kurusha kifuniko na kumchoma mtu. Na kabla ya kugusa visu, chomoa waya ukutani. Pia usiache mbachao kwa msala upitao: stima ikipotea jioni, kinu, mbuzi ya nazi na mwiko ndivyo vitakavyotuokoa.

Mwisho, nasisitiza lile la nani achague. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aghalabu baba au kaka mkubwa ndiye anayebeba pesa kwenda dukani, ilhali hajawahi kukuna nazi hata moja. Kazi ya kukuna, kutwanga na kukoroga imeachiwa akina mama na dada zetu kwa miaka mingi, nao ndio wanaojua ni wapi mkono unauma. Waulizwe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Nanyi wavulana mnaofikiri kwamba blenda ni chombo cha wasichana, kifungo chake hakibagui kidole. Likizo ijayo sageni nyanya, mpike mchuzi, na jagi mlioshe wenyewe.