Jukwaa Lisifiche Kifo

Wapo wadaio kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona hafai kuonyeshwa jukwaani, ati ni uchuro. Twapinga. Katika The Shadow Box, tamthilia ya Mmarekani Michael Cristofer iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1977, Agnes humwandikia mamaye mgonjwa barua za uongo kwa jina la nduguye Claire, aliyekwisha kufa. Mama, akimngoja mwana asiyerudi, hung'ang'ania uhai, na mateso yake hurefuka. Nyumbani uongo huo huitwa upendo. Jukwaani twaiona gharama yake. Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Walimu, wasomesheni vijana tamthilia za namna hii, wapate kujua kwamba kumuaga mgonjwa kwa ukweli si kumtupa, bali ni kumstahi.