Siyo Muujiza, Ni Ultrasaundi

Nimekuwa kimya kidogo, tulikuwa na msiba Mwanza. Leo kuna jambo linanikereketa moyoni, na kabla sijamsema mtu mwingine naomba nijiseme mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita mhariri alinipa habari ya nje niitafsiri. Mgonjwa ana saratani ya figo, uvimbe umepita ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni, madaktari wameutoa, mgonjwa amepona. Kichwa cha habari nikaweka neno MUUJIZA. Mhariri akafurahi, nami nikaenda zangu kunywa chai.

Jamani, pale hapakuwa na muujiza wowote.

Saratani ya figo ina tabia ya peke yake. Huingia kwenye mshipa unaotoa damu kwenye figo, ikaota humo ndani kama ulimi na kufuata damu inakoelekea: inaingia kwenye mshipa mkuu wa tumboni, inapita nyuma ya ini, inavuka msuli unaotenganisha tumbo na kifua, mpaka chumba cha juu cha moyo upande wa kulia. Wanaofikia huko ni wachache, kama mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani hiyo. Unaweza kutembea nao usijue. Kipande kikikatika kinakwenda kuziba mapafu, na hapo mtu anaweza kufa kwa dakika chache.

Kuutoa ni kazi ya timu nzima. Daktari wa figo anafungua tumbo, wa moyo anafungua kifua, mwingine yuko kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mara nyingi mwili hupoozwa mpaka nyuzi joto 18 hivi, kisha mzunguko wa damu unasimamishwa kabisa. Ubongo uliopozwa hivyo huvumilia kama nusu saa. Ndani ya muda huo moyo na mshipa vinafunguliwa, ulimi ule unavutwa wote, na figo lake linaondolewa. Kisha mgonjwa anapashwa joto taratibu. Kama saratani haijasambaa kwingine, karibu nusu ya wanaofanyiwa hivyo huwa hai miaka 5 baadaye. Bila upasuaji, wengi ni suala la miezi.

Sasa nije kwa baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu. Alianza kukojoa damu bila maumivu. Zahanati wakampa dawa za kichocho. Damu ikakata, baada ya wiki kadhaa ikarudi. Akapewa tena zile zile. Nilipompigia simu alicheka: "Mwanangu, hiki kichocho tumekioga wote ziwani tangu utoto." Na mimi, msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa habari, nikacheka naye!

Miezi 14 baadaye miguu ikavimba. Ndipo alipopigwa ultrasaundi kwa mara ya kwanza. Figo la kulia lilikuwa limeharibika, na ulimi ulishaingia kwenye chumba cha moyo. Lakini kilichotumaliza ni mapafu: saratani ilishatawanyika humo. Daktari alituambia kwa upole kwamba kumfungua kusingemsaidia. Tumemzika mwezi uliopita.

Kuna atakayesema, Kanda ya Ziwa kichocho ndicho kingi, yule mhudumu angejuaje? Nakubali, na kidonge cha kwanza sina ugomvi nacho. Lakini damu ikirudi baada ya dawa, tena kwa mtu mwenye umri wa miaka zaidi ya 50, hilo ni swali jipya na linahitaji jibu jipya. Mkojo upimwe kama kweli una mayai ya kichocho, na tumbo lipigwe ultrasaundi. Kipimo hicho hakihitaji kusafiri mpaka Dar.

Tunajivunia, na ni haki yetu, kwamba upasuaji wa moyo kwa mashine ile unafanyika hapa nchini. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo tangu 2015. Lakini daktari bingwa anamtibu yule aliyemfikia. Ulimi ule ulianzia kwenye figo, ukapanda miezi yote hiyo huku sisi tukimeza vidonge na kuchekeana kwenye simu.

Ndiyo maana nasema neno "muujiza" tuliache, waandishi wenzangu. Linamfanya msomaji asubiri bahati. Siku nyingine nikiletewa habari kama ile, swali langu la kwanza halitakuwa upasuaji ulichukua saa ngapi. Nitauliza: damu ilianza kuonekana lini, na nani aliambiwa?

Na wewe unayesoma hapa, una baba, mjomba au shangazi kijijini. Wazee wetu hawasemi mambo ya mkojo mpaka waulizwe. Mpigie leo, umuulize bila aibu. Mimi nilichelewa.

Naomba kutoa hoja.