MAHINDI BILA MASHINE YA KUSAGA

Mfumo huria wa kuendesha tarakilishi ni ule ambao msimbo wake uko wazi, yeyote ausome na kuubadilisha. Hata hivyo, msimbo peke yake ni mahindi tu. Mashine ya kusaga ni kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo uwe amri ambazo tarakilishi inaweza kutekeleza. Je, mfumo ufungashwe na kompaila ipi?

Hebu tutazame FreeBSD. Kwa miaka mingi ilikuja na GCC. Mwaka 2007 GCC ilihamia leseni ya GPLv3, ambayo masharti yake hayakuwapendeza waundaji wa FreeBSD. Wakang'ang'ania toleo la 4.2.1, nalo likazeeka. Katika FreeBSD 10.0 ya mwaka 2014, Clang ilichukua nafasi yake kwenye tarakilishi za kawaida. Mwaka 2020 GCC hiyo kuukuu ikaondolewa kabisa. Anayetaka GCC mpya huiongeza mwenyewe.

Wapo wasemao zifungashwe zote. Nani atazitunza? Wengine ati isiwemo hata moja, mtu ataichukua kwenye intaneti. Jamani! Na mwanafunzi ambaye shule yake ina tarakilishi lakini haina intaneti? Ataukodolea msimbo macho tu, na uhuru wa kuubadilisha utakuwa wa jina.

Kwa maoni yangu, iwemo moja: inayotunzwa, yenye leseni isiyoleta ugomvi, na inayoweza kuujenga mfumo mzima upya. Wahenga walisema, moja shika, si kumi nenda rudi.