Programu Nazo Zitahiniwe

Machi 2013, programu ya kompyuta ya Tume ya Uchaguzi ilizidisha kura zilizokataliwa mara 8. Za wapigakura wa Kitale na Bungoma nazo zilikuwamo. Kosa kama hilo hunaswa mapema na majaribio yanayojiendesha, yakitungwa ipasavyo.

Wapo watakaolalamika kuwa hatuna mitambo. Sikubali. QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huiwezesha kompyuta moja kuigiza mashine za aina nyingi, mwanafunzi alale, majaribio yaendelee (umeme ukiruhusu!). Watunzaji wake nao huitahini kila waibadilishapo.

Kwa hiyo nauliza: mbona Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, na chuo cha kitaifa cha ufundi cha Kitale visiyafanye majaribio hayo sharti la kufuzu?